Namna ya Kukokotoa Mvutano na Mchapuko wa Anguko Huru Kwenye Sayari, Miezi na Asteroidi: Mwongozo Kamili

Zohali ina tungamo linalozidi la Dunia mara 95, lakini kitu kinachoachiwa juu ya mawingu yake huanguka kwa mchapuko unaokaribiana sana na ule tunaouzoea, na katika ikweta yake huanguka polepole kidogo kuliko hapa. Utaridi nayo ni ndogo kuliko Mirihi kwa tofauti kubwa, na bado mtu aliyesimama juu ya mojawapo angekuwa na uzito uleule karibu kabisa juu ya nyingine. Mambo haya humshangaza msomaji aliyezoea kudhani kwamba sayari kubwa lazima ivute sana na ndogo lazima ivute kidogo. Hakuna fumbo ndani yake. Yote yanatokana na hesabu fupi yenye namba mbili tu, tungamo na nusukipenyo, na mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuifanya hesabu hiyo, kuisahihisha pale inapokosa usahihi, na kuitumia kujua kitu kitaanguka kwa muda gani na kitafika chini kwa kasi gani.

Kikokotoo chenye alama ya kipeuo cha pili kinatosha kwa hatua zote isipokuwa ya pili, ambayo inahitaji pia uzi, kizito kidogo na saa ya kupimia sekunde.

Hatua ya 1: Tenganisha tungamo, uzito na mchapuko

Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na hupimwa kwa kilogramu. Uzito ni kani inayokivuta kitu hicho kuelekea katikati ya sayari au mwezi kilipo, na hupimwa kwa nyutoni. Mchapuko wa anguko huru, unaoandikwa kwa herufi g, ni kiasi ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka katika kila sekunde pasipo hewa kukizuia. Duniani kiasi hicho ni takribani mita 9.81 kwa sekunde kwa kila sekunde, na kwa ufupi huandikwa 9.81 m/s². Uzito hupatikana kwa kuzidisha tungamo kwa g, na ndiyo sababu mtu mwenye tungamo la kilogramu 60 ana uzito wa nyutoni 589 duniani, 223 Mirihi na 97 tu Mwezini, ilhali mwili wake haujapungua hata chembe.

Kosa la kawaida katika hatua hii huletwa na mizani. Mizani ya kukanyaga hupima kani inayoibonyeza, kisha huandika kilogramu kwa kudhani kwamba ipo duniani. Ikipelekwa Mwezini ingeonyesha takribani kilo 9.9 kwa mtu yuleyule. Mizani ya sahani mbili, inayolinganisha kitu na mawe ya kupimia, ingetoa kilo 60 popote, kwa kuwa pande zote mbili huvutwa kwa mchapuko mmoja.

Inafaa pia kuelewa kwa nini g haitegemei kitu kinachoanguka. Kitu chenye tungamo maradufu huvutwa kwa kani maradufu, lakini pia huwa kigumu maradufu kuongezewa kasi, kwa hiyo athari hizo mbili hufutana. Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya wa kozi kwa pamoja akiwa amesimama Mwezini, mbele ya kamera ya televisheni, na vyote viwili viligusa udongo kwa wakati mmoja. Duniani unyoya huchelewa kwa sababu ya hewa peke yake.

Hatua ya 2: Pima g ya mahali ulipo

Hatua hii inaweza kurukwa, lakini anayeifanya hupata kipimo chake mwenyewe cha Dunia, na kipimo hicho ndicho msingi wa ulinganisho wote unaofuata. Funga kizito kidogo cha mviringo kwenye uzi mwembamba usiovutika, kisha uning'inize uzi huo mahali imara. Urefu unaohesabika, L, ni ule wa kutoka uzi uliposhikwa hadi katikati ya kizito, wala si hadi kwenye fundo. Uwe karibu mita moja, kwa sababu pendulamu fupi huenda mbio na kumponyoka anayehesabu. Kivute kizito pembeni kidogo, kisizidi digrii 10, kiachie bila kukisukuma, na upime muda wa mizunguko 20, kila mzunguko ukiwa ni kwenda na kurudi. Gawanya muda huo kwa 20 ili upate T, kisha utumie kanuni hii:

g = 4π² × L ÷ T²

Pendulamu yenye urefu wa mita 1.00 ikichukua sekunde 40.1 kwa mizunguko 20, T ni 2.005 na g ni 9.82. Ukikosea sentimita moja katika urefu, jibu lote hupotoka kwa asilimia moja. Kosa katika muda huhesabiwa maradufu kwa kuwa T imezidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo mtu atumie subira yake kwenye saa kabla ya kuitumia kwenye rula.

Pendulamu ndiyo iliyofichua kwa mara ya kwanza kwamba g hutofautiana hata juu ya Dunia yenyewe. Mwaka 1672 mwanaastronomia Jean Richer alisafiri kutoka Ufaransa hadi Cayenne, karibu na ikweta, akaona kwamba saa yake ya pendulamu ilikuwa ikichelewa takribani dakika mbili na nusu kwa siku. Newton aliutumia ushahidi huo katika kitabu chake cha mwaka 1687 kudai kwamba Dunia imebinuka katika ikweta. Leo tunajua kwamba g ni 9.78 katika ikweta na 9.83 katika ncha. Pendulamu hiyohiyo ya mita moja ingechukua sekunde 3.26 kwa kila mzunguko Mirihi, na karibu sekunde 4.94 Mwezini.

Hatua ya 3: Pata tungamo na nusukipenyo

Nusukipenyo hupatikana kwa kupima ukubwa wa umbo linaloonekana na umbali wake. Tungamo, M, ndilo gumu zaidi, maana sayari haiwekwi kwenye mizani. Njia ya kuaminika ni kutazama kitu kinachoizunguka, uwe mwezi wake wa asili au chombo kilichotumwa na binadamu, kisha kupima umbali r kutoka katikati ya sayari na muda T wa mzunguko mmoja:

M = 4π² × r³ ÷ (G × T²)

Herufi G ni namba ya mvutano isiyobadilika popote, 6.674 × 10⁻¹¹ kwa vipimo vya mita, kilogramu na sekunde. Isichanganywe na g ndogo: G ni moja kila mahali, g ni ya mahali husika. Kipimo cha maabara kilichowezesha kuijua kilifanywa na Henry Cavendish mwaka 1798, ambaye yeye mwenyewe aliwasilisha kazi yake kama kipimo cha densiti ya Dunia, yaani tungamo lake kwa kila kipimo cha ujazo.

Chukua mfano wa Mirihi. Mwezi wake Phobos, uliogunduliwa na Asaph Hall mwaka 1877, huizunguka kwa umbali wa kilomita 9,376 kutoka katikati, na humaliza mzunguko kwa saa 7 na dakika 39, yaani kama sekunde 27,550. Badili kilomita ziwe mita kabla ya yote (hapa ndipo wengi huanguka), weka namba ndani ya kanuni, na jibu litakuwa takribani kilogramu 6.42 × 10²³. Hilo ndilo tungamo la Mirihi, lililopatikana bila kuondoka mezani.

Hatua ya 4: Kokotoa g kwa kulinganisha na Dunia

Kanuni ya Newton inasema kwamba g = G × M ÷ R², ambapo R ni nusukipenyo. Unaweza kuitumia moja kwa moja, lakini namba zake zina vipeo virefu vinavyorahisisha makosa. Njia iliyo bora kwa kazi ya kawaida ni kueleza tungamo na nusukipenyo kama sehemu ya vile vya Dunia, kugawanya tungamo kwa mraba wa nusukipenyo, na kuzidisha jibu kwa 9.81. Kwa Mwezi, tungamo ni 0.0123 la Dunia na nusukipenyo ni 0.273. Mraba wa 0.273 ni 0.0745, ukigawanya 0.0123 kwa hiyo unapata 0.165, yaani karibu moja ya sita, na 0.165 mara 9.81 ni 1.62.

| Gimba | Tungamo (Dunia = 1) | Nusukipenyo (Dunia = 1) | g (m/s²) |
|---|---|---|---|
| Utaridi | 0.055 | 0.383 | 3.7 |
| Zuhura | 0.815 | 0.950 | 8.9 |
| Dunia | 1 | 1 | 9.8 |
| Mwezi | 0.0123 | 0.273 | 1.6 |
| Mirihi | 0.107 | 0.532 | 3.7 |
| Mshtarii | 318 | 11.2 | 24.8 |
| Zohali | 95.2 | 9.45 | 10.4 |
| Titan, mwezi wa Zohali | 0.0225 | 0.404 | 1.35 |
| Uranusi | 14.5 | 4.01 | 8.9 |
| Neptuni | 17.1 | 3.88 | 11.2 |
| Pluto | 0.0022 | 0.186 | 0.62 |

Ukitazama safu ya Zohali utaona kilichotajwa mwanzoni. Tungamo la mara 95 lingeifanya ivute kwa nguvu za kutisha kama lingebanwa ndani ya ukubwa wa Dunia, lakini juu ya mawingu yake kitu kipo mbali na katikati kwa zaidi ya mara tisa, na umbali huo unahesabiwa mara mbili katika kugawanya: 9.45 mara 9.45 ni 89, kwa hiyo kinachobaki ni zaidi ya moja kidogo tu. Uranusi, pamoja na kuwa na tungamo la Dunia 14, huvuta kwa udhaifu kuliko Dunia. Katika mfumo wetu wa Jua, ukiliacha Jua lenyewe ambalo g yake ni 274 hivi, ni Mshtarii peke yake inayoipita Dunia kwa tofauti ambayo mwili ungeilalamikia.

Jambo moja linahitaji kuelezwa kuhusu sayari hizo nne kubwa. Hazina ardhi ya kusimama. Wanasayansi wamekubaliana kuchukua kama uso wao kimo ambacho shinikizo la hewa ni bar 1, karibu sawa na la Dunia usawa wa bahari, na g zilizoandikwa hapo juu ni za kimo hicho katika ikweta, kabla ya kuondoa athari ya kujizungusha. Usishangae pia ukikuta Mirihi imeandikwa 3.71 mahali pamoja na 3.73 pengine: namba ya kwanza hutokana na nusukipenyo cha ikweta, ya pili na nusukipenyo cha wastani, na zote ni halali.

Hatua ya 5: Hakiki jibu kwa densiti

Kanuni ileile inaweza kuandikwa kwa sura nyingine, inayoonyesha kwamba g huenda sambamba na densiti mara nusukipenyo. Hii ni njia nzuri ya kukamata makosa, na ndiyo inayofafanua kisa cha Utaridi na Mirihi. Utaridi ina densiti ya gramu 5.43 kwa sentimita ya ujazo na nusukipenyo cha kilomita 2,440. Zao lake ni karibu 13,250. Mirihi ina densiti ya 3.93 na nusukipenyo cha kilomita 3,390. Zao lake ni karibu 13,320. Utaridi ni ndogo lakini imejaa chuma, kiini chake kikichukua sehemu kubwa ya sayari nzima, na uzito huo wa ndani umefidia udogo wake hadi zikalingana. Ni sadfa tu, wala haina maana ya ndani zaidi. Kwa Dunia zao ni 5.51 mara 6,371, yaani 35,100. Gawanya 13,320 kwa 35,100 upate 0.38, na Mirihi inarudi palepale.

Ukipata jibu linaloashiria densiti iliyo chini ya 0.5 au juu ya 10 kwa sayari ya kawaida, rudi ukakague vipimo. Mara nyingi kipenyo kimetumika badala ya nusukipenyo, kosa ambalo hupunguza g mara nne.

Hatua ya 6: Rekebisha kwa kimo na kwa mzunguko

Kimo hurekebishwa kwa kuzidisha g ya usoni kwa mraba wa R ÷ (R + h), h ikiwa ni kimo juu ya uso. Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka takribani kilomita 400 juu ya Dunia. 6,371 gawanya kwa 6,771 ni 0.941, mraba wake ni 0.885, na g hapo ni karibu 8.7. Maana yake ni kwamba asilimia 89 ya mvutano wa Dunia ingalipo mahali ambapo wanaanga huonekana wakielea. Wanaelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja, wakienda kando kwa kasi ya karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, kiasi kwamba uso wa Dunia hupinda na kuwakwepa kadiri wanavyoanguka. Huko ndiko kuanguka huru kwa maana kamili, na kauli kwamba angani hakuna mvutano ifutwe kwenye madaftari. Kwenye gimba dogo marekebisho haya huwa makubwa zaidi: kilomita 400 juu ya Mwezi, g imeshuka kutoka 1.62 hadi 1.07.

Kuelekea ndani, kanuni hii haifai. Mvutano hufika sifuri katikati ya sayari, lakini ndani ya Dunia hauteremki moja kwa moja: huongezeka kidogo hadi karibu 10.7 kwenye mpaka wa kiini, kina cha kilomita 2,900 hivi, kwa sababu kiini ni kizito kuliko tabaka za juu yake.

Mzunguko wa sayari kwenye mhimili wake hupunguza g ya ikweta kwa kiasi cha 4π² × R ÷ T², T ikiwa ni muda wa kujizungusha mara moja kwa sekunde. Duniani kiasi hicho ni 0.034 tu, na kinaweza kuachwa. Zohali hujizungusha kwa saa 10 na nusu hivi, na makato yake ni zaidi ya 1.6, ukijumlisha na athari ya kubinuka kwake, g halisi ya ikweta hushuka kutoka 10.4 hadi takribani 9. Mshtarii, inayojizungusha chini ya saa 10, hushuka kutoka 24.8 hadi karibu 23.1. Katika ncha hakuna makato haya, na tena ncha zimebonyea na kuwa karibu zaidi na katikati, ndiyo maana huko g ni kubwa zaidi. Zuhura hujizungusha mara moja kwa siku 243 za Dunia, na kwake hatua hii ni kupoteza muda.

Hatua ya 7: Geuza g kuwa muda na kasi

Kwa kitu kinachoachiwa kutoka kimo h pasipo hewa, muda ni kipeuo cha pili cha 2h ÷ g, na kasi ya kufika chini ni kipeuo cha pili cha 2 × g × h. Kutoka mita 10, Duniani kitu huchukua sekunde 1.43 na kufika kwa mita 14 kwa sekunde, sawa na kilomita 50 kwa saa. Mirihi ni sekunde 2.32 na kilomita 31 kwa saa. Mwezini ni sekunde 3.51 na kilomita 20 kwa saa. Pluto ni sekunde 5.7 na kilomita 13 kwa saa. Juu ya mawingu ya Mshtarii mita hizohizo hukatwa kwa sekunde 0.9, na kasi ni kilomita 80 kwa saa.

Kipeuo cha pili kisisahaulike. Mvutano wa Mwezi ni moja ya sita ya wetu, lakini muda wa kuanguka hauongezeki mara sita. Unaongezeka mara 2.5 tu. Nyundo ya Scott, iliyoachiwa kutoka kimo cha mita 1.6 hivi, ilihitaji sekunde 1.4 badala ya 0.57. Anayetazama picha za Apollo akidhani mwendo utakuwa mzito mara sita atahisi kwamba kuna kitu kimechezewa, kumbe ni hesabu yake iliyokosa kipeuo.

Kurukaruka hufuata utaratibu tofauti. Kasi ya kuondokea ikibaki ileile, kimo cha mruko ndicho huongezeka kwa uwiano kamili kadiri g inavyopungua: mruko wa nusu mita duniani huwa karibu mita tatu Mwezini. Wanaanga wa Apollo hawakuruka hivyo, kwa kuwa kila mmoja alibeba vazi na mfuko wa hewa wenye tungamo linalozidi kilo 80, na magoti ya vazi yalikuwa magumu kukunjika. Pia tungamo halipungui: aliyekimbia Mwezini alihitaji juhudi ileile kusimama ghafla au kukata kona, huku viatu vyake vikishika udongo kwa nguvu ya moja ya sita.

Hatua ya 8: Uliza kama kuna hewa

Hesabu ya hatua iliyopita ni sahihi kabisa Mwezini na Utaridi. Mahali penye angahewa, kitu huongeza kasi hadi msuguano wa hewa ulingane na uzito wake, kisha huendelea kwa kasi isiyobadilika, na kasi hiyo ya mwisho huenda sambamba na kipeuo cha pili cha g ÷ densiti ya hewa. Uwiano huu huleta matokeo ambayo g peke yake haiwezi kuyatabiri.

Titan ina g ya 1.35 na hewa yenye densiti zaidi ya mara nne ya hewa yetu. Gawanya 0.138 kwa 4.4, tafuta kipeuo cha pili, na utapata karibu 0.18: kitu kilekile huanguka huko kwa kasi ya mwisho isiyofika moja ya tano ya ile ya Dunia. Chombo Huygens, kilichotua Titan tarehe 14 Januari 2005, kilishuka kwa miavuli kwa takribani saa mbili na nusu na kugusa ardhi kwa mita 5 hivi kwa sekunde.

Mirihi ni kinyume chake, na kwa maoni yangu ndiyo mfano wenye mafunzo zaidi kuliko yote. Mvutano wake ni asilimia 38 tu ya wetu, na mtu angetarajia kutua huko kuwe kwepesi. Lakini hewa ya usoni pake ina densiti ya takribani kilogramu 0.02 kwa mita ya ujazo, karibu moja ya sitini ya hewa yetu. Gawanya 0.38 kwa 0.0163, tafuta kipeuo cha pili, na utaona kwamba kasi ya mwisho inakuwa karibu mara tano ya ile ya Dunia. Mwavuli peke yake haumalizi kazi. Ndiyo sababu magari ya uchunguzi Curiosity mwaka 2012 na Perseverance mwaka 2021 yalihitaji mwavuli, kisha roketi za kupunguza kasi, kisha kushushwa kwa kamba kutoka kwenye mtambo uliokuwa ukielea juu yake. Nani angeijua shida hiyo kwa kusoma safu ya g peke yake?

Hatua ya 9: Magimba madogo yatazamwe kipekee

Asteroidi na nyotamkia si mviringo, kwa hiyo hakuna g moja inayofaa uso wote. Kinachokokotolewa ni makadirio. Asteroidi Bennu ina tungamo la karibu kilogramu 7.3 × 10¹⁰ na nusukipenyo cha wastani cha mita 245. Kanuni ya hatua ya nne inatoa g ya takribani 0.00008, na kitu kilichoachiwa kutoka mita moja kingechukua zaidi ya dakika mbili na nusu kufika chini. Bennu hujizungusha kwa saa 4.3, na ukifanya makato ya hatua ya sita utaona kwamba katika ikweta nusu au zaidi ya mvutano huo huliwa na mzunguko. Chombo OSIRIS-REx kilipokwenda kuchota udongo wake tarehe 20 Oktoba 2020, kiliugusa uso kwa mkono kisha kikaondoka, bila kutua.

Kwenye magimba haya swali muhimu ni kama kitu kitabaki. Kasi ya kuponyoka ni kipeuo cha pili cha 2 × g × R. Kwa Dunia ni kilomita 11.2 kwa sekunde, kwa Mwezi 2.4, na kwa Bennu ni takribani sentimita 20 tu kwa sekunde, kwa hiyo mtu aliyeinuka kwa haraka kutoka kuchuchumaa asingerudi. Chombo Philae, kilichotua kwenye nyotamkia 67P tarehe 12 Novemba 2014, kilikuwa na machusa ya kujishikiza ambayo hayakufyatuka. Kiliruka, kikapaa takribani kilomita moja, na kikaelea karibu saa mbili kabla ya kugusa tena.

Hatua ya 10: Sayari za nyota nyingine

Hesabu ni ileile, ila namba huja kutoka njia mbili tofauti. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, kiasi cha mwanga kinachopungua hutoa nusukipenyo. Kuyumba kwa nyota kunakosababishwa na sayari hutoa tungamo. Zote mbili zinahitajika. Sayari inayojulikana kwa kuyumba peke yake haina nusukipenyo kilichopimwa, na hata tungamo lake ni la chini kabisa liwezalo kuwa, kwa kuwa mwelekeo wa njia yake haujulikani. Kwa hiyo g inayotangazwa kwa sayari kama hiyo ni ya kukisia.

Tuseme sayari imepimwa tungamo mara 5 la Dunia na nusukipenyo mara 1.6. Mraba wa 1.6 ni 2.56, na 5 ÷ 2.56 ni 1.95, yaani g ya karibu 19. Sasa chukulia kwamba nusukipenyo kina shaka ya asilimia 5 na tungamo shaka ya asilimia 20. Kwa tungamo la 4 na nusukipenyo cha 1.68, uwiano ni 1.42, kwa tungamo la 6 na nusukipenyo cha 1.52, ni 2.60. Andika basi kwamba g ipo kati ya 14 na 25, wala usiandike 19.1.